Redio za upepo kwa wasafirishaji wa pikipiki: zinavyofanya kazi na zinavyokomea mpakani

Wasafirishaji wanaotumia pikipiki katika miji ya mipakani wamezoea kuwasiliana kwa simu ya mkononi. Simu inatosha kupatana bei, kumwarifu mteja kuwa mzigo umefika na kutuma pesa. Kazi ambayo simu haiifanyi vizuri ni kuwaunganisha waendeshaji watano au sita walioko barabarani kwa wakati mmoja, mikono ikiwa kwenye usukani na mtandao ukija na kupotea. Kwa kazi hiyo kuna chombo cha zamani kuliko simu ya mkononi, nacho ni redio ya upepo, ambayo wengi huiita redio koli au woki-toki.

Makala haya yanaeleza redio hizo ni za aina gani, zinafika umbali gani, zinafungwaje kwenye pikipiki na zinahitaji vibali gani. Jambo ambalo mfanyabiashara anatakiwa kulishika tangu mwanzo ni hili: mawimbi ya redio hayasimami getini, lakini leseni yake inasimama. Redio iliyo halali upande mmoja wa mpaka inaweza kumfikisha mwenye nayo kituo cha polisi mita chache tu upande wa pili.

Kwa nini redio

Neno bodaboda lenyewe ni la mpakani. Lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo midogo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine huku wakiita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baadaye baiskeli zilipisha pikipiki, na pikipiki zikaanza kwenda mbali zaidi ya geti, hadi kwenye magulio na vijiji ambavyo lori halifiki.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye katoni za vipuri zinazojaza pikipiki sita, kutoka mjini hadi gulio la mpakani. Pikipiki ya mwisho inapata pancha. Kiongozi wa msafara hajui, anaendelea kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Akigundua baada ya robo saa, atakuwa ametangulia kilomita 10. Wote watano wakirudi, kila mmoja atatembea kilomita 10 za kurudi na 10 za kuzirudia, yaani kilomita 100 za mafuta kwa msafara mzima na nusu saa iliyopotea. Akirudi mmoja, wanne wanasubiri kando ya barabara na mali ya watu. Kwa redio, neno moja lingewasimamisha wote ndani ya sekunde chache.

Wasafirishaji wa nchi nyingine walilijua hili mapema. Mgogoro wa mafuta ulipotokea mwaka 1973 na serikali ya Marekani ikaweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa mwaka uliofuata, madereva wa malori wa nchi hiyo walitumia redio za masafa ya megahezi 27 kuulizana ni kituo gani bado kina mafuta na wapi barabara imefungwa. Watumiaji waliongezeka kiasi kwamba chaneli zilipandishwa kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977.

Redio inavyofanya kazi

Redio ya upepo hutuma na kupokea sauti moja kwa moja kutoka kifaa hadi kifaa, bila mnara wa kampuni ya simu. Anayetaka kusema hubonyeza kitufe, husema, kisha hukiachia ili asikie jibu. Anaposema mmoja, wote walioweka chaneli hiyo husikia. Hakuna vocha wala kupiga namba, na mawasiliano hayategemei kama eneo lina mtandao.

Uzuri huo una upande wake wa pili. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, hakuna anayesikika vizuri. Na mtu yeyote mwenye redio iliyowekwa kwenye masafa hayo anaweza kusikiliza. Redio nyingi za bei nafuu zina kinachotangazwa dukani kuwa ni kodi za faragha. Kodi hizo huzuia wewe usisikie wengine, hazizuii wengine kukusikia wewe.

Aina zilizopo sokoni

Redio za mkononi za VHF na UHF. Hizi ndizo zinazoonekana zaidi kwa walinzi wa mahoteli, wajenzi na waongoza watalii. Za VHF kwa kawaida hufanya kazi kati ya megahezi 136 na 174, na za UHF kati ya 400 na 470. Nguvu yake mara nyingi haizidi wati 5. VHF hufaa zaidi maeneo ya wazi na mashamba, UHF hufaa zaidi mjini kwenye majengo. Zipo za analojia na za dijitali. Za dijitali zina sauti safi zaidi ukingoni mwa eneo linalofikiwa, na baadhi zinaweza kuficha mazungumzo kweli, ila bei yake ni kubwa.

Redio za megahezi 27. Ni zile za madereva wa malori. Antena yake ni ndefu na hushika kwa urahisi kelele za plagi ya injini, hivyo kwenye pikipiki ndogo ya mizigo hazifai sana.

Vifaa vya helmeti vya Bluetooth. Hufungwa kwenye helmeti, na mwendeshaji husema na kusikia kama anavyofanya kwenye simu, bila kubonyeza kitufe kila mara. Umbali wake ni mita mia kadhaa, na vilivyo bora hufika kilomita moja au zaidi kidogo mahali pa wazi. Vile vya kisasa huunganisha kundi zima, na mmoja akitoka na kurudi hujiunga tena vyenyewe.

Redio za laini ya simu. Kwa nje zinafanana na redio ya upepo, zina kitufe, lakini ndani zina laini ya simu na hupitisha sauti kwenye intaneti ya mtandao wa simu. Umbali hauna kikomo, mradi mtandao upo. Pasipo mtandao ni kopo tu. Mfanyabiashara wa mpakani azingatie pia gharama ya kutumia laini nje ya nchi. Makubaliano ya mwaka 2014 yaliyozihusisha Kenya, Uganda na Rwanda yalishusha gharama za kupiga na kupokea simu kati ya nchi hizo, lakini yalianza na simu za sauti. Redio hizi hutumia data, kwa hiyo bei ya kuulizia ni ya data.

Umbali wa kweli

Maboksi mengi ya redio yameandikwa kilomita 10, 20 au hata 50. Namba hizo si za kupangia safari. Mawimbi ya VHF na UHF huenda karibu na mstari ulionyooka, hivyo kinachoamua umbali ni kimo cha antena na kilichopo katikati, kuliko wati.

Kuna hesabu rahisi ya kukadiria. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita hadi upeo wa redio. Mwendeshaji aliyeketi kwenye pikipiki ana antena iliyo kama mita 1.5 kutoka ardhini, na upeo wake ni kama kilomita 5. Wawili wa kimo hicho, kwenye tambarare isiyo na mti wala nyumba, wana kilomita 10. Barabara ya kawaida yenye miti, kona na majengo huishusha namba hiyo hadi kilomita moja hadi tatu.

Mtu aliyesimama kwenye kilima cha mita 100 juu ya barabara ana upeo wa kilomita 41, na akijumlisha 5 za aliye chini wanaweza kusikizana hadi kilomita 46 kama hakuna kinachozuia. Ndiyo sababu kampuni kubwa huweka mtambo wa kurudia mawimbi juu ya mlima. Kwa msafara mdogo, funzo ni kwamba aliyekosa kumpata mwenzake bondeni asubiri afike mahali pa juu kabla ya kuita tena. Kununua redio ya wati 10 badala ya 5 hakutavusha sauti nyuma ya kilima.

Kuifunga kwenye pikipiki

Redio isishikwe mkononi wakati wa kuendesha. Kinachotakiwa ni kisikilizio chembamba cha kuingia ndani ya helmeti, kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, na kitufe cha kusemea kinachofungwa upande wa kushoto wa usukani, kwa kuwa mkono wa kulia uko kwenye mafuta. Kipaza sauti kivishwe sponji kwa ajili ya upepo. Ile mbinu ya redio kujiwasha yenyewe inaposikia sauti haifai kwenye pikipiki, kwa sababu upepo na injini huiwasha na kuifunga chaneli kwa wote.

Kisikilizio kiwe sikio moja tu, ili sikio lingine lisikie honi. Redio ikae mfuko wa mbele wa koti au kwenye kikapu maalumu cha pikipiki, isikae kiunoni nyuma, kwani mwendeshaji akianguka chali itamuumiza uti wa mgongo. Waya uwe na kiungio kinachochomoka kirahisi. Mwendeshaji aliyeanguka asiburutwe na waya wa redio.

Kuna hatari ya kuzungumza kwenyewe. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hutembea karibu mita 17 kila sekunde. Sentensi ya sekunde nne ni mita 67 ambazo akili ya mwendeshaji haipo barabarani yote. Kwa hiyo kanuni ya msafara iwe ni ujumbe mfupi, na kunyamaza kabisa wakati wa kupita lori, kuingia mjini au kuvuka daraja jembamba.

Leseni: pale redio inapokomea

Masafa ya redio ni mali ya umma inayosimamiwa na serikali ya kila nchi. Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano chini ya sheria ya mwaka 1998 na marekebisho yake. Uganda ni Tume ya Mawasiliano, UCC, chini ya sheria ya mwaka 2013. Rwanda kazi hiyo hufanywa na RURA, Burundi na ARCT, na Kongo na ARPTC.

Anayetaka kutumia redio za VHF au UHF kwa biashara huomba kwa msimamizi wa nchi yake, akieleza idadi ya redio, nguvu yake na eneo la matumizi. Akikubaliwa hupangiwa masafa yake na kulipa ada. Fundi huyaingiza masafa hayo kwenye redio kwa kompyuta. Kifaa chenyewe pia hutakiwa kiwe cha aina iliyothibitishwa na msimamizi huyo.

Makosa huanzia hapa. Redio nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa tayari na chaneli 16 zinazofanya kazi papo hapo. Mnunuzi huziwasha akiwa dukani, zinasikika, naye hudhani kila kitu kiko sawa. Chaneli hizo hazikupangwa kwa ajili ya nchi yake. Zinaweza kuangukia masafa ya hospitali, ya kampuni ya umeme au ya vyombo vya ulinzi. Hata kati ya mataifa makubwa ruhusa haivuki: redio ndogo za familia zinazouzwa bila leseni Marekani, za megahezi 462 na 467, haziruhusiwi Ulaya, na zile za Ulaya za megahezi 446 si ruhusa ya kuzitumia Marekani. Anayeletewa redio na ndugu aliyeko ng'ambo asichukulie kuwa maandishi ya kwenye boksi ni kibali cha huku.

Kosa la pili ni kudhani kuwa leseni ya nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatambuliwa na nyingine. Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa forodha, na katika mipaka kama Namanga, Holili na Taveta, Busia na Rusumo kuna vituo vya pamoja ambako mzigo hukaguliwa mara moja. Masafa ya redio hayamo katika utaratibu huo. Masafa aliyopangiwa msafirishaji wa Arusha yanaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa Kajiado. Anayetaka kuitumia redio pande zote mbili anahitaji ruhusa ya pande zote mbili.

Kuizima redio na kuificha chini ya mzigo si dawa. Sheria huangalia pia kumiliki na kuingiza kifaa, na redio iliyofichwa huonekana mbaya kuliko iliyo wazi. Maeneo yenye ulinzi mkali, hasa mashariki mwa Kongo ambako mapigano yamedumu miaka mingi, mtu asiye na sare mwenye redio ya upepo anaweza kushukiwa kwa mambo makubwa kuliko magendo.

Njia iliyo salama kwa mfanyabiashara mdogo ni mbili. Ya kwanza ni kuwa na seti mbili: seti ya upande huu kwa leseni yake, inayoachwa kwa wakala kabla ya geti, na seti ya upande ule iliyo chini ya leseni ya mshirika wa huko. Ya pili ni kutumia vifaa vya helmeti vya Bluetooth katika safari za kuvuka. Hivyo hufanya kazi kwenye megahezi 2,400, masafa yaleyale ya vifaa vya masikioni vya simu, ambayo kwa kawaida hayadai leseni ya mtumiaji mmoja mmoja. Umbali ni mfupi, lakini msafara unaokwenda pamoja hauhitaji mrefu.

Anayeingiza redio kwa ajili ya kuuza ajue kuwa kwa kawaida redio za upepo huingia kifungu cha 8525.60 cha orodha ya forodha. Kabla ya kuagiza, awe na uthibitisho wa aina ya kifaa kutoka kwa msimamizi wa mawasiliano, maana forodha inaweza kuuzuia mzigo hata kama ushuru umelipwa.

Lugha ya redioni

Kiswahili kinafaa redioni, ila kina mitego yake. "Nne" na "nane" husikika karibu sawa penye upepo, hivyo namba itajwe mara mbili na anayepokea airudie. Neno "nimekusoma", ambalo mitaani ni nimekuelewa, redioni liwe na maana hiyo moja tu: nimesikia na nimeelewa. Asiyeelewa aseme "rudia". Anayemaliza aseme "ova" ili mwingine ajue zamu ni yake.

Saa nazo zitajwe na nchi. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa moja ya Tanzania, Kenya na Uganda. "Tukutane saa nne" bila kusema ya wapi ni saa nzima ya kusubiriana.

Ukivuka kuingia Rwanda au Burundi, magari huenda upande wa kulia wa barabara. Kiongozi wa msafara awakumbushe wenzake kabla ya kubadili upande, na baada ya kituo cha mafuta au chakula awakumbushe tena, kwa sababu ajali ya kusahau hutokea mtu anapoondoka upya. Asiseme "shika upande wetu". Aseme "kulia" au "kushoto".

Bei, thamani ya mzigo na kiasi cha fedha kilichobebwa visitajwe redioni kamwe, kwa kuwa hujui nani anasikiliza. Vilevile redio isitumike kupeana habari za doria za forodha. Msafara unaosikika ukielekezana njia za panya utapoteza redio, mzigo na jina.

Je, inalipa?

Hesabu ya redio haiishii kwenye bei ya dukani. Ongeza kisikilizio, betri ya akiba, kazi ya fundi wa kuingiza masafa na ada ya leseni, kisha gawanya kwa idadi ya safari za mwaka. Msafara wa pikipiki mbili unaokwenda mara moja kwa mwezi hauhitaji redio, simu na kituo cha kusubiriana vinatosha. Msafara wa pikipiki tano au zaidi unaopita kila wiki sehemu isiyo na mtandao una sababu ya kuwa nazo, kwani pancha chache zinazogunduliwa mapema hurudisha sehemu nzuri ya gharama.

Kabla ya kununua, mfanyabiashara ajibu maswali manne. Msafara wangu hutawanyika kwa umbali gani? Ni sehemu ipi ya njia isiyo na mtandao wa simu? Nchi ninazopita, nani ananipa kibali katika kila moja? Na redio zitalala wapi tunapovuka? Asiye na jibu la swali la tatu na la nne asifungue pochi kwanza, aanzie kwenye ofisi ya msimamizi wa mawasiliano iliyo karibu naye.